Platinamu Mkononi: Sarafu Ndogo, Mzigo Mzito

Haya jamani, imefika! American Eagle ya platinamu, sarafu ya Marekani ya wakia moja. Iangalieni Eagle ya madini ya fedha pembeni yake: uzito unakaribiana, gramu 31 na ushee, lakini ya fedha ina upana wa milimita 40.6 na ya platinamu 32.7 tu. Ukiishika mara ya kwanza, mkono unashtuka.

Sasa jaribio nililowaahidi, la kujua kama sarafu ni platinamu halisi. Kikombe cha maji juu ya mizani, narudisha sufuri. Sarafu nimeifunga uzi, naishusha taratibu. Isiguse kitako! Na hivyo viputo vya hewa, vioneni hapo ukingoni, tikisa kidogo vitoke. Subiri... subiri itulie. Gramu 1.45, uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu! Gawa 31.12, uzito wa sarafu, kwa 1.45, unapata kama 21.46: huo ndio msongamano wa platinamu. Dhahabu ingekupa 19.3. Wenzetu wa dhahabu wanalizwa na tungsteni, metali ya kughushia, kwa sababu msongamano wake ni karibu ule ule wa dhahabu. Huku kwetu tungsteni inaumbuka hapo hapo kikombeni.

Kinachonichekesha, zamani platinamu yenyewe ndiyo iliyokuwa tapeli: walighushi sarafu za dhahabu za Hispania kwa platinamu iliyopakwa dhahabu! Urusi nayo ikatengeneza rubli, sarafu zake, za platinamu kuanzia 1828, ikaacha 1845. Hizi za platinamu za akiba tunazokusanya leo zilianza na Noble ya Kisiwa cha Man, 1983. Maple Leaf ya Kanada na Koala ya Australia zikaja 1988. Eagle hii ikachelewa hadi 1997. Mimi Koala ndiyo inayonitoa udenda, lakini tuache, hiyo ina video yake.

Cha kuniudhi ni bei. Siyo ya madini. 2008 wakia ilipita dola 2,000, na miaka mingi baadaye ikawa chini ya dhahabu. Naudhika na ile nyongeza ya muuzaji: unanunua juu, ukirudi kuuza unapewa chini, eti wateja wachache. Aliyeniuzia mimi hata kopo la plastiki lilikuwa kubwa mno, sarafu inacheza ndani, sikilizeni: kata-kata-kata. Mkwaruzo huu hapa, shavuni kwa Bibi Uhuru, yule wa Sanamu ya Uhuru aliyechorwa kwenye sarafu.

Mlioniuliza mbona nilipotea, maikrofoni ilikufa. Bonyezeni kengele, wiki ijayo ni Koala.

Sasa nifungue uzi... fundo limekaza kwa maji. Mkasi hapana, siuleti karibu na hii. Zima kamera kwanza.