Jezi ya Buffon namba 77: kitambaa safi, maelezo ya muuzaji ovyo

Wadau, hii ni jezi ya kipa ya Juventus (Juve) ya Italia, msimu wa 2019-20, mgongoni imeandikwa BUFFON 77, yaani Gianluigi Buffon, kipa wa zamani wa Juve na timu ya taifa ya Italia, nimeagiza mtandaoni kwa muuzaji ambaye simtaji. Nimpe haki yake kwanza, kitambaa kiko poa sana, chepesi na hakigandi mwilini ukitoka jasho, mikono mirefu na hata ukiruka kudaka mpira wa juu haipandi mpaka kwenye kiwiko kama zile feki tulizozoea. Shida ni namba. Zile saba zimebandikwa kwa joto, na pale chini kwenye ncha ya saba ya kulia ukipitisha ukucha unaona kabisa imeanza kunyanyuka, kwa hiyo ifue kwa mkono, igeuze ndani nje, na pasi usiiguse hiyo sehemu.

Sasa kilichonikera ni maelezo ya tangazo, eti ndo namba aliyobebea Kombe la Dunia. Jamani! 2006 kule Ujerumani Buffon alivaa namba 1, mechi 7 akaruhusu magoli 2 tu, moja beki wao Zaccardo alijifunga mwenyewe dhidi ya Marekani na lingine penati ya Zidane kwenye fainali. Unauzaje jezi ya mtu hujui hata hilo.

Na 77 wala haihitaji kusingiziwa, ina stori yake tamu tu. Akiwa bado dogo kwenye klabu ya Parma alichukua 88, ikazuka kelele maana wafuasi wa Wanazi huitumia kama salamu ya Hitler (H ni herufi ya nane, kwa hiyo 88 ni HH, "Heil Hitler"), akaiacha akavaa 77. Akaenda Juve 2001, namba 1 miaka yote ile, akashuka nao mpaka Serie B, daraja la pili la Italia, akiwa bingwa wa dunia (wangapi wangekubali?), 2018 akaenda PSG ya Ufaransa, na aliporudi Juve 2019 namba 1 anayo kipa mwingine, Szczęsny, jamaa akamwambia chukua namba yako, mzee akagoma akarudia 77 yake ya ujana na kukaa benchi bila makelele.

Halafu akiwa nayo hiyo 77, tarehe 4 Julai 2020, dabi na Torino, watani wao wa mji mmoja, akacheza mechi yake ya 648 ya Serie A, ligi kuu ya Italia, akampita beki Maldini aliyekuwa anashikilia rekodi ya mechi nyingi. Juve wakashinda 4-1 na goli pekee alilofungwa ni penati ya Belotti, mshambuliaji wa Torino, Belotti yuleyule aliyemkatia rekodi yake ya dakika 974 bila kufungwa mwaka 2016, kwa penati vilevile, kwenye dabi vilevile, na matokeo yalikuwa 4-1 vilevile! Msimu uliofuata akabeba Coppa Italia (Kombe la Italia) kama kapteni, kombe ambalo alishalibeba na Parma 1999. Miaka 22 katikati.

Kwa hiyo kama unataka jezi ya Buffon ya kukumbuka ubingwa wa dunia hii siyo, tafuta ya Italia namba 1. Ila kwa sisi tuliomfuatilia mpaka alipostaafu 2023 akiwa na miaka 45, hii ndo yenyewe. Nyota nne, moja nimekata kwa hiyo saba na tangazo lao. Saizi zao ni ndogo, mabegani inabana, ukivaa L agiza XL.