Ofisi ya maombi ya Chake Chake na nishani za babu aliyepigana Burma

Familia ambayo mzee wao alitumikia King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza la Afrika Mashariki, katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akafariki bila kudai nishani zake, bado inaweza kuziomba kwa Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, na nishani zinazotolewa kwa mara ya kwanza hazina malipo. Gharama iko katika kutayarisha maombi. Sisi tulimkabidhi kazi hiyo mwandishi wa ofisi ndogo ya tafsiri mjini Chake Chake, naye alistahiki malipo yake, ingawa lipo jambo moja ambalo ofisi hiyo lazima ilirekebishe.

Kabla ya kugusa fomu, mwandishi alitaka cheti cha babu cha kuachishwa jeshi. Karatasi ilikuwa imekatika kwenye mikunjo, lakini namba ya jeshi ilisomeka, na namba hiyo ndiyo iliyobeba maombi yote, kwa sababu jeshini babu aliandikwa jina lake na la baba yake tu, ilhali cheti cha kifo kina majina matatu yenye tahajia nyingine. Hakujaribu kulilazimisha jina moja lifanane na jingine. Aliieleza tofauti hiyo kwa maandishi, akaambatanisha barua ya sheha pamoja na tafsiri ya kila karatasi ya Kiswahili.

Alikuwa makini pia katika kuzitambua nishani zenyewe. Kaka yangu alisisitiza iombwe na Nyota ya Afrika, lakini muda wa nishani hiyo ulikoma tarehe 12 Mei 1943 na babu aliingia jeshini baadaye, kwa hiyo mwandishi alikataa kuiandika. Babu alikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyowaandama Wajapani katika bonde la Kabaw huko Burma (sasa Myanmar) kwenye mvua kubwa za mwaka 1944 mpaka Kalewa, kando ya mto Chindwin. Haki yake ilikuwa Nyota ya 1939–1945, Nyota ya Burma na Medali ya Vita.

Suala la mwombaji ndilo lingeweza kutugombanisha. Mirathi yetu hugawanywa kwa mafungu, lakini nishani hazigawiki, na wizara huzitoa kwa jamaa wa karibu anayetambulika kisheria. Mwandishi alishauri mwombaji awe shangazi, ambaye ndiye mkubwa wa watoto waliobaki, na warithi wengine waridhie kwa saini mbele ya sheha. Kwa kuwa shangazi hawezi tena safari, alimfuata mwenyewe Wete, akamsomea kila ukurasa kwa Kiswahili kabla ya kumwomba saini yake. Heshima ile kwa bi mkubwa wetu ninaithamini kuliko kitu kingine chochote katika huduma hii.

Kasoro ni kwamba ofisi hupokea ada ya kufungua jalada kabla ya kumuuliza mteja ni vita gani. Jirani yetu alilipa kwa ajili ya babu wa baba yake, aliyekuwa mpagazi katika Vita Kuu ya Kwanza, na baadaye ndipo akaambiwa kwamba wizara haitoi tena nishani za vita hivyo. Fedha zilirejeshwa baada ya kudaiwa sana. Swali hilo moja liulizwe mlangoni, kwani watu wanauza karafuu zao kulipia ada hiyo.

Nishani zetu zimefika, na utepe wa Burma una mstari mpana mwekundu katikati ya buluu iliyokoza, na uzi wa rangi ya chungwa kila upande. Hazikuchorwa jina la askari, kama ilivyo desturi ya nishani hizi za Uingereza za vita vile, kwa hiyo barua iliyokuja nazo ihifadhiwe pamoja na cheti cha jeshi. Mwenye cheti au namba ya jeshi ninamshauri aende katika ofisi hiyo, adai risiti, na aseme mapema mzee wake alipigana vita gani.