Mbwa gani anafaa Mombasa: kuanzia wa kwanza hadi wa kumwacha dukani

Wengi wanaotafuta mbwa huanza na picha. Mtu ameona mtoto wa Husky mwenye macho ya buluu kwenye simu, amempenda, na swali lililobaki ni bei tu. Naomba uanze na mambo matatu mengine: joto la hapa, ukubwa wa ua wako, na jirani zako. Mbwa huishi miaka kumi na zaidi, na bei ya siku ya kwanza ni sehemu ndogo ya gharama utakayobeba.

Joto ndilo la kwanza. Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma, hata usiku haupoi, na hewa imejaa unyevu. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza kwa kuhema ulimi ukiwa nje, na hewa ikiwa nzito kwa unyevu kuhema huko hakumsaidii sana. Mbwa anayestarehe kwenye baridi ya Limuru anaweza kuteseka hapa Bamburi. Kwa hiyo nimewapanga kwa kuangalia nani ataishi vizuri hapa. Uzuri wa sura sikuupa uzito.

Nafasi ya kwanza ni ya mbwa wa kienyeji, na nasema hivyo bila kusita. Manyoya mafupi, pua ndefu, mwili mwepesi: umbo lake lote ni la joto. Ni mwepesi kusikia, hubweka pale panapostahili, wala hahitaji chakula kingi. Watu humdharau na kumwita koko kwa sababu wamemzoea akizurura jalalani, lakini mlee tangu mdogo, mlishe, mfunze, uone mlinzi utakayempata. Kosa kubwa ni kudhani kwamba kwa kuwa ni wa kienyeji hahitaji chanjo. Ugonjwa wa parvo, ule wa kutapika na kuharisha damu, humuua mtoto wa kienyeji kama unavyomuua wa makumi ya maelfu ya shilingi. Ukitaka wa kumlea, anzia KSPCA, chama cha kutetea wanyama chenye tawi Mombasa. Uliza kila mbwa ameshachanjwa nini na kama amehasiwa.

Wa pili ni chotara wa kienyeji na German Shepherd, ile aina ambayo wengi huiita mbwa wa polisi. Ana kimo na sauti ya kumfanya mgeni asimame getini, na mara nyingi manyoya yake si mazito kama ya mzazi wake wa Kijerumani. Kwa nyumba yenye ua Kisauni, Changamwe au Likoni, anayetaka ulinzi hasa ndiye ningemwambia achukue. Angalia tu usiuziwe chotara kwa bei ya mbwa halisi.

German Shepherd halisi nampa nafasi ya tatu. Ana akili sana na hufunzika haraka, lakini manyoya yake ni ya tabaka mbili, anahitaji kivuli cha kweli na maji mchana kutwa, na ukoo wake una tatizo la nyonga. Muuzaji akikwambia ni halisi, muulize karatasi za East Africa Kennel Club, ndiyo inayosajili mbwa wa ukoo hapa Kenya. Kama hana, basi unanunua sura, na bei iwe ya sura.

Rottweiler na Boerboel ni wa nne. Wanakula sana, wana nguvu za kumwangusha mtu mzima, na Rottweiler mweusi akiachwa juani huchemka upesi. Ni mbwa wa mtu mwenye muda wa kumfunza kila siku. Kwenye nyumba ya kupanga yenye watoto wa jirani wanaoingia na kutoka, usimlete.

Wa tano ni wadogo wenye manyoya, kama Japanese Spitz na Maltese, ambao huonekana sana kwenye fleti za Nyali. Wanawezekana ikiwa utawapunguza manyoya na kuwachana mara kwa mara. Usiwanyoe mpaka ngozi ionekane, kwa maana jua litawaunguza. Kabla ya kulipa, soma mkataba wako wa nyumba uone kama unaruhusu mbwa.

Wa mwisho ni Pug, Bulldog na Husky, na hawa naomba uwaache. Pug na Bulldog wana pua iliyobonyea, njia ya hewa ni finyu, na wakishindwa kuhema joto huwaua. Husky aliumbwa kwa theluji. Kumweka Mombasa bila kiyoyozi ni kumtesa, hata ukiwa unampenda.

Ukishaamua aina, nenda ukamwone mtoto wa mbwa alipozaliwa. Asiwe chini ya wiki nane, na mama yake awepo. Anayekutaka mkutane kando ya barabara, mbwa akiwa kwenye katoni, ana jambo analoficha. Inua mdomo wa juu wa kijibwa: fizi ziwe za waridi na zenye unyevu. Zikiwa nyeupe, huenda ana minyoo au ugonjwa wa kupe. Pekua ndani ya masikio na katikati ya vidole, maana huko ndiko kupe hujificha. Tumbo lililovimba na kukaza kama ngoma huku mbavu zinaonekana, mara nyingi hiyo ni minyoo. Tazama nyuma chini ya mkia, pawe pakavu na safi. Kisha piga makofi mara moja: mzima atashtuka, halafu atakuja kunusa. Yule anayebaki kujikunyata pembeni usimchukue kwa huruma ikiwa hujajiandaa kwa gharama za daktari.

Sasa jirani. Mombasa ni mji wa Waislamu wengi, na katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi hapa pwani, mate ya mbwa ni najisi: kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kufuga mbwa wa ulinzi kumeruhusiwa, lakini mbwa wako kumrukia mtu aliyeshatia udhu akienda msikitini si jambo dogo. Mfunge kamba kila akitoka, asilambe wageni, na usimpitishe penye vyombo vya watu. Kabla hajafika, mwambie jirani wa ukuta kwa ukuta kwamba unaleta mbwa. Kwenye nyumba zilizobanana za Mji wa Kale, ambako ua ni wa pamoja, ningeshauri usifuge kabisa.

Wiki ya kwanza mpeleke kwa daktari wa mifugo. Chanjo ya parvo na distempa, ugonjwa mwingine hatari wa mbwa, huanza akiwa na wiki sita hadi nane, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afike wiki kumi na sita. Mpaka hapo usimtembeze ufukweni wala penye mbwa wengine. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Hii usiipige chenga kamwe: karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutoka kwa mbwa, na dalili zikishatokea mtu hufa. Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuutokomeza. Mtu akiumwa na mbwa, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Kupe wa pwani hawana msimu wa kupumzika. Mbwa akigoma kula, akalegea, fizi zikapauka na mkojo ukawa mweusi, usingoje kesho, mpeleke kwa daktari. Watu humwaga dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukadiria, na mbwa hupata sumu. Pata kipimo kwa daktari kulingana na uzito wake. Kama una paka, mwambie daktari kabla, kwa kuwa dawa za kupe zenye kemikali iitwayo permethrin humuua paka. Muulize pia kinga ya minyoo ya moyo, inayoenezwa na mbu, nasi mbu tunao.

Chakula si lazima kiwe cha dukani. Ugali uliopikwa na dagaa au matumbo kutoka soko la Kongowea unaweza kumfaa mkubwa, ukiongeza karoti au mchicha mara kwa mara. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha vinavyoweza kumtoboa utumbo. Vitunguu, chokoleti na zabibu ni sumu kwake, na usimpe panadol hata nusu.

Mtembeze baada ya alfajiri au baada ya magharibi. Kabla hujatoka, weka kiganja juu ya lami: ukishindwa kuvumilia, nyayo zake zitaungua. Akitoka baharini, msuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi na umpe ya kunywa, maana wengine hunywa ya bahari wakaharisha. Na kama huwa mnasafiri bara Disemba, mtafute mapema mtu atakayelala nyumbani na kumlisha. Jirani kutupa ugali juu ya ukuta mara moja kwa siku hakutoshi, hasa kwenye joto la mwezi huo.