Darasa la sataranji la Jumamosi, Kisumu: mahali ushindi wangu ulipokuwa ukivujia

Kwa Jumamosi nne mfululizo nimehudhuria darasa la sataranji linalofanyika alasiri katika chumba cha kukodi karibu na barabara ya Oginga Odinga, na kila kipindi cha saa mbili nimekilipia shilingi 500. Nilijiunga kwa sababu ya tatizo moja tu: naanza mchezo vizuri, napata kete ya ziada, kisha katikati ya mchezo ushindi unaniponyoka huku nikiutazama.

Mwalimu hutaka kila mwanafunzi aje na daftari lenye hatua za mchezo alioupoteza. Wangu niliucheza na jirani yangu wa Kondele, mimi nikiwa na kete nyeupe na farasi mmoja zaidi. Katika hatua ya 24 malkia wangu alikula kitunda cha b7 (herufi na namba hutaja mraba wa ubao), ngome yangu ikiwa imeshafika a7 na farasi wangu wakiwa a4 na c5, wote upande mmoja kama wageni waliosikia harufu ya pilau. Ngome yake ikashuka kutoka d8 hadi d1, na mfalme wangu, aliyejibana g1 nyuma ya vitunda vitatu ambavyo sikuwahi kuvisogeza, akakosa pa kukimbilia.

"Mwalimu, hapa ndipo nilipoharibu," nikasema, nikionyesha hatua ya 24.

"Hapana, rudi nyuma," akajibu, akairudisha kete moja baada ya nyingine hadi hatua ya 19, nilipokuwa na nafasi ya kubadilishana malkia nikaikwepa, kwa kuwa nilitamani kummaliza jirani kwa madoido. Alieleza kwamba kete kubwa zikipungua ubaoni, farasi wa ziada huzidi kuwa na uzito, kwa sababu aliyezidiwa hubaki hana cha kushambulia nacho; vitunda, hata hivyo, visibadilishwe ovyo, maana farasi peke yake hawezi kumfunga mfalme, na ni kitunda kimoja kinachofika mwisho wa ubao ndicho kitakachogeuka malkia.

Sehemu niliyoipenda zaidi ilikuwa mchezo wa sita wa pambano la ubingwa wa dunia la mwaka 2014, mjini Sochi. Magnus Carlsen, bingwa mtetezi, alimpeleka mfalme wake d2 katika hatua ya 26, kosa kubwa, na farasi wa mpinzani wake, Viswanathan Anand, angeweza kula kitunda cha e5 papo hapo. Anand alisogeza kitunda hadi a4, nafasi ikapita, na Carlsen akashinda mchezo huo. Mwalimu hakututajia jibu; alitunyamazia karibu nusu saa, nami nililiona baada ya dakika kumi, ingawa nilijua kwamba kuna kitu cha kutafutwa, jambo ambalo Anand hakuambiwa na mtu.

Lawama ninazo. Mbao ni nne kwa wanafunzi kumi na wanne, saa ya kupimia muda wa wachezaji ni moja tu, na joto la chini ya mabati saa nane mchana si la mzaha. Mtoto ambaye bado anajifunza mwendo wa farasi atachoka kabla ya mapumziko, hivyo mzazi amtafutie kwingine kwanza.

Nimelipia mwezi ujao. Jumamosi iliyopita nilisogeza kitunda hadi h3 mapema, nikabadilishana malkia mara nilipopata kete ya ziada, nikashinda kwa hatua 41. Mchezo wenyewe ulichosha kupita kiasi, na jirani yangu hajautaja tena.