Maabara moja pale Mwanga, Kigoma: kipimo cha elektrolaiti, nyota nne kati ya tano

Jina la maabara njooni inboksi nisije nikaonekana nimelipwa. Bi mkubwa ana presha ya mapafu (presha ya damu kwenye mishipa ya mapafu iko juu), moyo upande wa kulia umeshachoka, miguu inavimba, juzijuzi akaanza kichefuchefu na kuchanganya maneno, daktari akaandika elektrolaiti, yaani kipimo cha chumvichumvi za kwenye damu kama sodiamu, ndo tukaenda hapo.

Yule kijana wa kutoa damu anajua kazi aisee. Kabla hajashika sindano, "Shikamoo mama, dripu waliweka mkono gani?" Ilikuwa kushoto, akahamia kulia, akasema damu ikitolewa mkono wenye dripu inachanganyika na yale maji na sodiamu inaweza kusoma chini wakati siyo kweli. Wengine wangechoma tu popote wamalize.

Majibu mchana huohuo, sodiamu 126, na kawaida ni 135 mpaka 145. Nyota niliyokata ni ya mapokezi: karatasi imeandikwa namba tu, halafu dada anakwambia "mama aongezewe chumvi kwenye mboga". Jamani, kakuuliza nani? Tumerudi kwa daktari anasema kwa mgonjwa kama huyu mara nyingi chumvi haijapungua mwilini, ni maji yamezidi. Moyo wa kulia ukishindwa kusukuma damu kupita mapafuni, figo zinapata damu kidogo, mwili unadhani umekaukiwa, homoni ya kubana maji inapanda na maji hayatoki, basi chumvi ya kwenye damu inazimuliwa. Hapo weka na vidonge vya kukojoza vinavyotoa chumvi kwenye mkojo, na bi mkubwa kwa joto la huku alikuwa anamaliza jagi la maji huku tunamsifia. Ukimwongezea chumvi unamwongezea kuvimba. Akapangiwa kiasi cha maji kwa siku, dawa zikapangwa upya (msiziache wenyewe), tena sodiamu hairudishwi kwa pupa, ikipanda haraka sana inaumiza ubongo. Na ikishuka hivi kwa mtu wa presha ya mapafu daktari anaangalia na moyo upya, maana inaweza kuwa ndo unazidi kushindwa.

Mengine kawaida, bei inavumilika, malipo ya simu wanapokea, viti vichache jumamosi mnasimama. Kipimo cha kurudia tumefanyia hapohapo na tutaendelea hapo, ila huyo dada wampe kazi ya kuita majina tu.