Uzoefu wangu: Ooty na Coonoor na familia nzima, mama mkwe ndani

Nianze na hukumu kabisa, maana najua wengine mnasoma mistari miwili mnafunga. Treni ya milima ya Nilgiri, kusini mwa India: nendeni, msijiulize mara mbili. Mji wa Ooty wenyewe: nendeni mshinde, msilale. Mkalale Coonoor, chini yake kidogo. Anayetaka sababu aendelee.

Mume wangu yuko Coimbatore, jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, anasoma shahada ya uzamili. Shule zilipofungwa Desemba tukamfuata: mimi, Rehema wa miaka 12, Salimu wa miaka 6, na Mama, yaani mama mkwe wangu, mwenyeji wa Bumbuli kule Lushoto, mkulima wa chai tangu ujana wake. Kutoka Dar kuna ndege ya moja kwa moja mpaka Mumbai, pale tukaunganisha ya ndani. Tulipumzika Coimbatore, halafu Baba Rehema akasema hatujaja India kukaa kwenye feni, twendeni mlimani.

Ooty, ambayo kwenye vibao utaiona imeandikwa Udhagamandalam, iko karibu mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Waingereza ndio walioufanya mji: John Sullivan, aliyekuwa mtawala wa Coimbatore, alijenga huko nyumba ya mawe miaka ya 1820, wenzake wakamfuata kukimbia joto la Madras, siku hizi Chennai. Aliyefika Lushoto hahitaji maelezo marefu. Wajerumani walipanda kule kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa treni. Inaondoka Mettupalayam, chini ya mlima, saa 1 na dakika 10 asubuhi, na inafika Ooty kama saa 6 mchana. Kilomita 46 kwa karibu saa tano! Ndiyo, Salimu akiwa na baiskeli angejaribu kushindana nayo. Lakini usiihesabu kama usafiri, ihesabu kama sehemu ya kutembelea. Reli ilifika Coonoor mwaka 1899 na Ooty mwaka 1908, na tangu 2005 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ina mahandaki 16 na madaraja 250, mengi madogo ya kuvuka korongo, mengine ukichungulia chini unatamani hukuchungulia.

Kilichomshangaza Mama ni kwamba kichwa cha treni kiko nyuma. Kinasukuma, hakivuti, ili behewa lisije likakatika likarudi bondeni. Na baada ya stesheni ya Kallar, pale mlima unapoanza kusimama kweli kweli, katikati ya reli mbili inatokea reli nyingine yenye meno, na chini ya kichwa kuna gurudumu la meno linalojing'ata humo. Unaisikia mwilini: treni inapunguza mwendo, inashtuka kidogo, halafu mlio unabadilika, tak, tak, tak. Kila behewa lina mtu wake wa breki anayekaa kibarazani mbele, ana kibendera na usukani wa chuma. Wa behewa letu alikuwa mzee mwembamba, mikono myeusi kwa grisi hadi kwenye kiwiko, na kila honi ya mvuke ikilia nyuma alijua maana yake bila kugeuza shingo, anakaza au analegeza. Mama alimtazama njia nzima. Akaniambia, "Huyu ndiye dereva wa kweli, yule wa nyuma anapiga honi tu."

Kila tukiingia handakini behewa zima linapiga kelele, watu wazima na vijukuu vyao, ndiyo desturi. Mara ya kwanza Rehema aliona aibu, mara ya tatu alikuwa anaongoza. Stesheni ya Hillgrove treni inasimama kunywa maji, na abiria nao wanashuka kunywa chai. Hapo muwe macho na kima. Salimu alinunuliwa vada, ile ya dengu yenye tundu katikati, akaishika juu ili dada yake asiifikie, na kima akaichukua kwa adabu zote kutoka juu ya paa. Mtoto hakulia, alibaki anatazama mkono wake.

Coonoor wanabadilisha kichwa, wanaweka cha dizeli, na kutoka hapo uzuri unapungua kidogo ila mashamba yanaanza: karoti, kabichi, viazi, matuta kwa matuta mpaka Ketti na Lovedale. Mama akasimama dirishani, akakumbuka Soni ya kwao Lushoto: "Hapa ni Soni hapa. Mnatutembeza nyumbani kwa nauli ya ndege."

Viti vya kuwekewa nafasi vinafunguliwa siku 60 kabla na vinaisha upesi. Baba Rehema ana laini ya simu ya India, alikaa mtandaoni asubuhi ile ile vilipofunguliwa. Tiketi yenyewe ni rupia mia chache, hela si tatizo, tatizo ni nafasi. Jambo jingine: mvua za Oktoba hadi Desemba hushusha udongo relini na treni husitishwa mpaka njia isafishwe, kwa hiyo miezi hiyo muwe na mpango wa pili wa gari. Sisi tulibahatika.

Ooty. Wiki ya Krismasi India nzima ya kusini iko pale. Barabara ya kuelekea ziwani magari yamebanana na honi hazipumziki. Hoteli tuliyolala siitaji jina, ila niseme tulivyolala. Picha zilionyesha mahali pa moto pa kuota. Palikuwepo, pamezibwa kwa mbao na juu yake wameweka televisheni. Maji ya moto yanatoka saa 12 hadi saa 3 asubuhi tu, ukichelewa utaoga kesho. Usiku wa Desemba kule joto linashuka karibu na sifuri, asubuhi majani yana umande ulioganda mweupe, na chumba hakina chochote cha kukitia joto. Ukiomba hita wanakuletea, na kwenye bili inatokea kwa usiku, kwa kila chumba. Dirisha la chumba cha Mama lilikuwa halifungi, wakaja kulizibia na gazeti. Mapokezi walikuwa wapole sana, hilo nalo linakera, maana huwezi hata kugombana vizuri.

Bustani ya mimea ya serikali inastahili. Ilianza mwaka 1848, imepandishwa kwenye mteremko, na kuna gogo la mti lililogeuka jiwe, wanasema lina miaka milioni 20. Rehema aligoma kuondoka hapo mpaka aelezwe mti unageukaje jiwe. Juu kabisa ya bustani kuna makazi ya Watoda, wafugaji wa nyati wa maji waliokuwa kwenye milima hii kabla ya Sullivan na nyumba yake. Nyumba zao za asili zina paa la mviringo linaloshuka hadi chini, na mlango mdogo kiasi kwamba mtu mzima anaingia akitambaa. Wanawake wao wanadarizi shali nyeupe kwa nyuzi nyekundu na nyeusi; ukinunua, nunua kwao wenyewe, uone mkono ulioshona. Ziwa lile la kutengenezwa na watu, mitumbwi na farasi, ni la watoto na la foleni. Kilele cha Doddabetta, mita 2,637, tulipanda tukaona ukungu. Ukungu mzuri, lakini ukungu.

Tukaomba kuhama. Mwenye hoteli alirudisha sehemu ya pesa baada ya Baba Rehema kukaa pale mapokezi bila kusema neno kwa muda mrefu, mbinu ambayo naipendekeza. Tukateremka Coonoor, kwenye nyumba ya wageni ya familia, vyumba vichache katikati ya chai. Hapa likizo ikaanza.

Coonoor ni chini ya Ooty kwa mita mia kadhaa, baridi yake inavumilika kwa sweta, na honi hazifiki. Asubuhi unafungua mlango, chai iko hapo, migrevilea imesimama humo kutoa kivuli, na mikaratusi juu kwenye miinuko. Mama alishuka barazani akiwa amejitanda khanga mbili juu ya sweta na koti, akaingia shambani bila kuomba ruhusa, akachuma chipukizi na majani yake mawili, akanusa. Halafu akaona wachumaji wa huko wanatumia mikasi mikubwa yenye mfuko wa kupokelea. Aligeuka kama vile amekuta mtu anavua samaki kwa baruti. "Wanakata na majani makubwa! Hiyo chai itakuwa na ladha ya kuni." Mmoja wa wale akina mama akacheka, akamwonyesha kwa vidole kwamba vibarua ni wachache, shamba ni kubwa. Hawakuwa na lugha moja hata kidogo, lakini walisimama pale wakaonyeshana mikono yao, ile sugu ya kidole gumba, mpaka chai yetu ya asubuhi ikapoa.

Kiwandani tulitembezwa, ukaona majani yanavyonyaushwa, yanavyosagwa, yanavyoachwa yageuke rangi, na kukaushwa. Watoto walipenda harufu, Mama alikagua. Hukumu yake ya chai ya Nilgiri: rangi nzuri, harufu nzuri, nyepesi. Alinunua hata hivyo, mfuko mkubwa, wa kuwaonyesha wenzake.

Na usiku, jamani. Mwenye nyumba alituambia baada ya magharibi tusitoke nje ya geti, tukadhani ni wezi. Kumbe ni nyati wa India, wale weusi wenye soksi nyeupe miguuni, wanashuka msituni kula bustani za watu. Alikuja mmoja akasimama chini ya taa ya barabarani, mgongo umepita ukuta. Salimu alimwita ng'ombe. Baba yake akamwambia aendelee kumwita hivyo akiwa ndani.

Chakula hakikutusumbua. Sisi ni Waislamu, na Tamil Nadu migahawa isiyopika nyama kabisa ni mingi, kwa hiyo dosa (chapati nyembamba ya mchele na dengu), idli (vitumbua vya mvuke) na wali kwenye jani la mgomba tulikula bila kuulizana. Pilipili ni nyingi, mwambieni mapema mpishi kama mna watoto. Nunueni varki, biskuti za matabaka za pale pale, za kuchovya kwenye chai. Chokoleti za kienyeji zinazosifiwa kila duka, mimi naona ni sukari.

Mambo ya kujua kabla. Tangu Mei 2024 gari binafsi au la kukodi linaloingia wilaya ya Nilgiri linatakiwa pasi ya kielektroniki, ni amri ya mahakama ili kupunguza msongamano. Dereva wenu aiombe mapema. Chupa za maji za plastiki haziruhusiwi, getini gari linakaguliwa na zinachukuliwa, kwa hiyo bebeni chupa za chuma, huko juu kuna mashine za kujaza maji. Wageni wa nje lazima wenye hoteli wawaripoti serikalini kwa fomu, na nyumba ndogo nyingine hazitaki usumbufu huo, zinakataa. Ulizeni kabla ya kulipa: "Mnapokea wageni wa kigeni?"

Kushuka tulichukua gari kupitia Kotagiri. Njia ni kona tupu, watoto walitapika wote wawili, bebeni tangawizi na mifuko. Na mkitokea mji wa Mysuru badala ya Coimbatore, njia inakatiza hifadhi za Bandipur na Mudumalai, zenye tembo, na hufungwa kwa magari ya kawaida kuanzia saa 3 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Dereva akiwaambia mtaondoka baada ya chakula cha jioni, tafuteni dereva mwingine.