Sola, betri au kinu cha upepo: ununue nini kwanza Kisumu na Nakuru

Siku hizi wauzaji wana kifurushi cha vitu vitatu kwa pamoja: paneli, betri na kinu kidogo cha upepo. Kwa nyumba nyingi za huku kwetu, kinu ndicho cha kuacha dukani.

Nambari moja: paneli, betri ya lithiamu na inveta ya haibridi (kifaa kinachounganisha sola, betri na stima ya gridi), na stima yenyewe usiikate. Paneli nne za wati 550 juu ya mabati ya Kisumu hutoa kama uniti 8 siku ya jua zuri. Friji, TV, taa na chaji za simu hazimalizi hata nusu. Betri ya uniti 5 itakuvusha usiku stima ikipotea, na mvua ya radi ya jioni mnaijua. Hakikisha imeandikwa LiFePO4, aina mojawapo ya lithiamu. Hiyo unaitumia hadi asilimia 80 bila kuiumiza, na huvumilia kuchajiwa mara elfu kadhaa.

Nambari mbili: paneli na betri ya asidi. Bei yake ni nafuu, ila utumie nusu tu ya chaji yake. Ukiikamua zaidi inakufa mapema. Kwa taa na redio, sawa. Friji, sahau.

Nambari tatu, kinu. Kasi ya upepo ikipungua kwa nusu, nguvu hubaki moja ya nane. Kinu cha wati 1,000 kilichopimiwa upepo wa mita 12 kwa sekunde hakitoi hata wati 40 upepo ukiwa mita 4. Tena Kisumu upepo wa ziwa huvuma alasiri, paneli nazo zikiwa bado kazini. Usiku, unapouhitaji, umetulia. Mwenye shamba wazi kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, upande wa Nakuru, anaweza kufikiria, mradi apime upepo mwaka mzima kwa urefu wa mlingoti wenyewe. Muuzaji akikwambia kifungwe juu ya paa, mkatalie: paa huvuruga upepo, na mtetemo utausikia kitandani.

Umeme wa upepo wenyewe unakufikia tayari kupitia stima ya gridi. Mitambo 365 ya upepo ya Ziwa Turkana, megawati 310, iliungwa kwenye gridi 2018, na kule upepo huvuma sana usiku. Ndiyo maana nasema stima usiikate.

Fundi akuonyeshe leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, daraja la T3 kwa haibridi. Kisii na Kakamega, kwenye radi nyingi, kifaa cha kukinga radi na waya wa ardhini viwe ndani ya bei ile ile.